"Naipata wapi?": Unga wa uji, mchekeshaji mmoja na hesabu ya marobota

Siku Mama Unga, mwenye kiwanda kidogo cha unga wa uji, aliponipigia simu, video ya mchekeshaji aliyelipwa kuutangaza ilikuwa imetazamwa mara 290,000. (Jina hilo alipewa na wenye maduka wa mtaa wa Umoja, Nairobi, nami sitatumia jingine.) Hesabu hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Video ingetazamwa na watu mia tatu angejua pesa zimeliwa, akanyamaza na kuendelea kusaga wimbi wake. Lakini 290,000?

"Kijana wangu," aliniambia, "watu laki mbili na elfu tisini wameuona unga wangu. Mbona daftari la tuktuk halijawaona wao?"

Daftari hilo ni kitabu cha jalada gumu kilichojaa alama za vidole na vumbi la unga. Humo dereva wa tuktuk huandika kila duka limechukua marobota mangapi. Robota moja ni pakiti kumi na mbili za kilo mbili. Nililiomba kabla ya kufungua simu yangu kuitazama hiyo video.

Kiwanda chenyewe kiko Kariobangi Light Industries, kati ya fundi wa mageti na watu wa kuyeyusha alumini. Vinu viwili, wafanyakazi saba. Unga ni wa wimbi, mtama, mahindi na soya, na unauzwa katika maduka arobaini hivi: mengi yapo pande za Outering Road, yaani Umoja, Donholm, Pipeline mpaka Kayole, na machache yako Kasarani. Supamaketi hakuna hata moja. Mama Unga alijaribu miaka miwili iliyopita, akachoka kungoja malipo ya siku tisini.

Bajeti ya matangazo ya nusu mwaka ilikuwa shilingi 300,000. Nusu yake ilikuwa imeshaondoka kwa video moja. Aliyeipanga ni mtoto wa kaka yake, kijana wa chuo anayemwita shangazi na ambaye, kwa haki, ndiye mtu pekee pale kiwandani aliyejua TikTok inafunguliwa vipi. Alimtafuta mchekeshaji mwenye wafuasi 412,000, wakapatana kwa WhatsApp bila mkataba, pesa zikatumwa kwa M-Pesa, na siku ya nne video ikatoka.

Video hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Inachekesha kweli. Jamaa amevaa leso, anaigiza mama anayemwamsha mwanawe kwenda shule, na pakiti ya unga inaonekana sekunde ya 41. Tukamwomba atuonyeshe takwimu zake, akakubali bila ubishi: mtazamaji wa kawaida alikaa sekunde tisa. Yaani wengi wa hao 290,000 waliona leso, wakacheka, wakapita. Unga hawakuuona.

Ukipima kwa kipimo cha mawakala wa matangazo, ule ulikuwa ununuzi mzuri mno. Gawanya 150,000 kwa 290, unapata shilingi 517 kwa kila kutazamwa mara elfu moja. Wapo wanaolipa mara tano ya hiyo na kupongezana kikaoni. Kosa lilianza mapema, kwenye swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tuliketi na yule kijana tukasoma maoni yote, kama 1,100, kazi ya jioni mbili na chai nyingi. Mengi yalikuwa kicheko. Machache yaliuliza kama unga una alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na hilo nitalirudia. Maoni 84 yaliuliza kitu kimoja: "Naipata wapi?" Kijana alifurahi. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba watu waliutaka unga. Nikamwambia tuwafuatilie hao 84 mmoja mmoja, tuone wametaja mji gani au wasifu wao unasema wako wapi. Kakamega. Kitale. Mombasa, wengi. Doha wawili. Walioonekana kuwa Nairobi walikuwa tisa, na kati ya hao, wawili tu ndio waliotaja mtaa ambao tuktuk yetu hufika.

Basi tulikuwa tumelipa shilingi 150,000 kuwatamanisha watu wa Kitale unga ulioko Kayole.

Hapo ndipo nilipomwomba Mama Unga hesabu ambayo, kwa maoni yangu, ingetangulia kila kitu. Kila pakiti humwachia faida ya shilingi 40 baada ya nafaka, umeme, mishahara na mafuta ya tuktuk. Robota moja, shilingi 480. Ili kurudisha 150,000 alihitaji kuuza marobota 313 zaidi ya kawaida. Maduka yote ya Outering Road kwa pamoja yalikuwa yakichukua marobota 31 kwa wiki mbili. Ungemwambia mapema kwamba video moja lazima imuuzie mzigo wa wiki ishirini, angekufukuza. Lakini hakuna aliyemwambia kwa lugha ya marobota. Aliambiwa kwa lugha ya wafuasi, lugha ambayo hana namna ya kuibishia.

Raundi ya pili tuliianza na ramani. Tulichora maduka yote arobaini kwenye karatasi, tukajiuliza ni nani anayetazamwa na watu wanaoweza kufika humo kwa miguu wakiwa wamevaa malapa. Kijana akaleta majina kumi na moja. Nitaeleza yaliyobaki matatu, ila kwanza namna manane yalivyoanguka, kwa kuwa kazi yenyewe iko hapo.

Wawili waliangushwa na wafuasi wao: mmoja kwa grafu, mwingine kwa maoni. Mtu anayekua kwa haki hupanda polepole, na akiruka kuna video iliyolipuka siku hiyo. Mmoja wao aliongeza wafuasi 40,000 kwa siku mbili katika mwezi ambao hakuwa ameweka chochote. Wafuasi wa kununua ni biashara ya zamani; Instagram ilifanya ufagizi mkubwa wa akaunti bandia tangu Desemba 2014 na soko lake halijafa. Mwingine hakuwa na akaunti bandia, ila maoni yake yote yalifika dakika kumi za kwanza kutoka kwa watu walewale ishirini: "moto", "kali sana", na vikatuni vya mioto. Hilo ni kundi la WhatsApp la kupeana laiki. Sitawaita matapeli. Ni vijana wanaosaidiana kusukuma kazi zao, kama chama cha akina mama kinavyozungushana pesa. Lakini kwa mwenye unga, mwanachama wa chama si mnunuzi.

Watatu walikataa kutuma takwimu zao za ndani, au walituma picha za skrini tu. Picha ya skrini huchorwa upya kwa dakika tano. Sisi tuliomba mtu arekodi skrini yake akifungua takwimu mwenyewe, tarehe ya siku hiyo ikionekana, miji ya watazamaji ikionekana. Aliyekataa hatukumuuliza sababu.

Mmoja aliangushwa na mambo ya kamari. Mei 2025 Bodi ya kudhibiti na kutoa leseni za kamari ilitoa miongozo inayokataza watu maarufu na washawishi wa mitandaoni kutumika kwenye matangazo ya michezo ya kubahatisha. Huyu alikuwa bado ana viungo vya kubeti kwenye wasifu wake. Mama Unga ni mzee wa kanisa; hakutaka hata kusikia mwisho wa sentensi. Wawili wa mwisho bei ziliwashinda. Yaani zilitushinda sisi.

Kwa waliobaki hatukutazama video iliyotazamwa zaidi, ambayo ndiyo kila mtu hutuma. Tulichukua video 12 za karibuni zisizo za matangazo, tukazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, tukachukua idadi ya katikati. Wastani hudanganya hapa, kwa sababu video moja iliyolipuka huwabeba wenzake kumi na moja mgongoni.

Wa kwanza alikuwa mama kijana wa Instagram, wafuasi 61,000, idadi ya katikati 14,000, asilimia 52 ya watazamaji wake wako Nairobi. Alitaka 60,000, tukashuka hadi 45,000. Wa pili kijana wa mazoezi, Donholm, wafuasi 22,000, bei 20,000. Wa tatu ni kijana wa Pipeline anayepika kwenye chumba kimoja: jiko la gesi la kichomeo kimoja, sufuria mbili, dirisha linalotazama kamba za nguo za jirani. Wafuasi 17,400 TikTok, idadi ya katikati 9,000, asilimia 64 Nairobi. Alitaja 15,000 kwa sauti ya mtu anayetarajia kukataliwa.

Takwimu hukuambia "Nairobi" na kuishia hapo. Haziwezi kukuambia ni Nairobi ya Kileleshwa, ya wenye nacho, au ya Pipeline, na kwa mwenye maduka arobaini ya mtaani hiyo ni miji miwili tofauti. Tukawaomba wote watatu, kabla ya mkataba, waweke kura kwenye stori zao: unga unanunua wapi, supamaketi, duka la mtaa, au kwa kinu cha kusaga? Haikutugharimu chochote. Kwa mama kijana, saba kati ya kumi walisema supamaketi. Kwa mpishi wa Pipeline ilikuwa kinyume, na wengine walimjibu kwa kutaja duka kwa jina. Maduka mawili kati ya hayo yalikuwa kwenye karatasi yetu.

Mtu ataniuliza kwa nini tulimchukua mama kijana baada ya kura ile. Jibu fupi ni kwamba Mama Unga alimpenda. Jibu refu ni kwamba tulifikiri tunaweza kupokea oda za WhatsApp na kupeleka nyumbani.

Mazungumzo naye yalikwama pasipotarajiwa. Ana mtoto wa miezi mitano, na wazo lake la kwanza lilikuwa kumrekodi akionja uji kwa mara ya kwanza. Video hiyo ingependwa mno. Ilibidi tuikatae. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na Kenya ina sheria ya 2012 ya kudhibiti vyakula mbadala vya maziwa ya mama, ambayo inabana pia utangazaji wa vyakula vya kulikiza watoto wachanga. Mtoto huyo akionekana na kijiko mdomoni, unga wa uji wa familia unageuka kuwa chakula cha mtoto mchanga mbele ya sheria, na mwenye kujibu ni Mama Unga. Mama kijana alikasirika kidogo, akasema wenzake wanafanya. Kweli wanafanya. Tukakubaliana amrekodi binti yake mkubwa wa miaka minne, na aonyeshe jagi na kikombe zaidi ya sura.

Mikataba ilikuwa ya kurasa mbili: tarehe ya kuweka video, bidhaa ionekane kabla ya sekunde ya tano, jina la duka moja litajwe, na neno "tangazo la kulipiwa" liandikwe juu kabisa ya maelezo. Mpishi aliogopa neno hilo litamuua. Kwenye pesa zao tulikata asilimia 5 kama kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla mtu hajalipwa, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kwa malipo ya maudhui ya kidijitali ya wakazi wa Kenya, na kila mmoja alitakiwa kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA, kwa kuwa bila hiyo Mama Unga hawezi kuyahesabu malipo hayo kama gharama mbele ya KRA. Hapa tulipoteza wiki nzima. Kijana wa mazoezi hakuwahi kuisikia eTIMS maishani mwake, na sina uhakika anaipenda sasa.

Video za mazoezi zilitoka kwanza, na sina mengi ya kusema. Ukisoma maoni yake utakuta wakufunzi wenzake wanasifiana misuli. Watu wa kupika uji wa familia hawapo. Daftari halikutikisika. Lawama ni yangu, kwa sababu maoni hayo nilikuwa nimeyasoma kabla, nikajiambia misuli pia hunywa uji.

Mama kijana alileta oda 26 za WhatsApp kwa wiki moja. Nusu zilitoka Ruaka, Syokimau na kwingineko ambako nauli ya boda ingemeza faida yote, tukaomba radhi. Kwa hesabu ya marobota alikuwa hasara tupu. Ila mmoja wa wale 26 ana kituo cha kulelea watoto Buruburu, na tangu siku hiyo anachukua marobota matatu kila mwezi. Hilo siwezi kuliweka kwenye fomula yoyote, wala sitajidai nililiona likija.

Sasa mpishi. Kumbuka maoni ya kwenye video ya mchekeshaji yaliyouliza habari za KEBS. Wakenya hawajasahau Novemba 2019, KEBS ilipozuia chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, zikiwemo zilizokuwa kwenye kila kabati. Tangu hapo mtu akiona pakiti ngeni huigeuza nyuma kwanza. Mchekeshaji alikuwa amewajibu kwa utani. Mpishi tulimsimulia hayo kama mazungumzo tu, naye akaja na wazo lake: alifungua video kwa kuigeuza pakiti, akaandika SM, alama ya reli na namba ya kibali kwenye simu, akatuma 20023, akaonyesha jibu likiingia. Baadaye ndipo akakoroga uji, bila muziki, huku jirani akisikika akigombana na mtu wa maji. Mwishoni akasema: "Mimi nimenunua kwa duka la hapa chini, karibu na steji."

Ilitazamwa mara 11,200, juu ya idadi yake ya katikati, na "tangazo la kulipiwa" limekaa pale juu. Maoni ya "naipata wapi" yalikuwa sita. Nafikiri yalikuwa machache kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya video.

Katika wiki mbili zilizofuata, maduka ya Outering Road yalichukua marobota 58 badala ya 31. Mtoto wa kaka alitaka tusherehekee. Nikamwambia ngoja tuone Kasarani, ambako hakuna mshawishi aliyetaja duka hata moja. Kasarani walikuwa wamepanda pia, kutoka 22 hadi 27, kwa sababu shule zilifunguliwa mwishoni mwa Agosti na kila nyumba ilirudi kwenye uji wa asubuhi. Kama Outering Road ingepanda kwa kiwango hicho tu, ingefika 38. Cha mpishi, basi, ni marobota 20, si 27. Wiki mbili zilizofuata Kasarani walirudi 23, Outering Road ikashuka hadi 44. Tukampa mpishi 12 nyingine. Jumla 32, mara shilingi 480, ni 15,360.

Mwezi mzima, basi, kurudisha 15,000, bila kuhesabu unga tuliompa na nauli zake. Na huyo ndiye aliyefaulu. Mama Unga aliitazama hesabu hiyo kwa muda, akauliza kama duka la karibu na steji bado linaagiza. Linaagiza: kabla ya video lilikuwa likichukua robota moja kwa wiki, sasa matatu. Akasema basi mpishi aendelee. Amepewa miezi mitatu, shilingi 12,000 kwa mwezi kwa video mbili, kila video na duka lake tofauti, Kayole kwanza.

Lililobaki lilikuwa ugomvi mdogo, nao ni wa kwetu. Mama Unga, kwa furaha yake, alichukua picha kutoka kwenye video akachapisha mabango na kuyabandika kwenye maduka kumi na mbili, sura ya mpishi ikiwa kubwa kuliko pakiti. Mpishi alijiona ukutani akiwa kwenye matatu. Alimpigia simu kwa adabu, "Mama, shikamoo, ile picha hatukuizungumzia," na alikuwa sahihi: mkataba wetu ulihusu video kwenye akaunti yake, basi. Nilimkumbusha Mama Unga kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwamba mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Akaketi kwanza.

Tulimpa mpishi 10,000 kwa siku ambazo mabango yalikuwa yamekaa, na tukamuuliza kama anataka kuuza haki ya picha kwa mwaka. Alifikiria siku mbili, akakataa. Mamake hajui bado kwamba aliacha kazi ya duka la simu Luthuli ili apike mbele ya kamera. Bango jipya lina pakiti, sufuria na mkono unaokoroga. Mkono ni wake, ameutia saini.